Kuosha kioo cha plastiki cha pikipiki: sabuni ya vyombo, dawa ya madirisha, polishi au petroli?

Pikipiki ikitoka Ruai alfajiri na kuingia mjini kwa Kangundo Road, hufika na uchafu wa namna tatu kwenye kioo cha mbele: vumbi, masizi ya dizeli kutoka kwa malori na matatu, na wadudu waliogonga wakakaukia hapo. Ukisimama stejini, kitu cha karibu ni kiganja cha glavu au leso ya mfukoni. Unapangusa mara mbili, unaona mbele, unapakia abiria. Vioo vingi huharibikia hapo, kabla hata sabuni haijatajwa.

Mabishano ya stejini huwa juu ya dawa. Huyu anaapa kwa sabuni ya vyombo, yule kwa dawa ya madirisha, mwingine anamwagia petroli kidogo kwenye kitambaa na kioo kinang'aa papo hapo. Kwangu mimi dawa ni nusu ya hesabu. Plastiki huharibika kwa njia mbili, kukwaruzwa na kuliwa na kemikali, na hizi mbili hazina uhusiano. Dawa nzuri kabisa haitakuokoa ukisugua kioo kingali na mchanga, na kitambaa laini kuliko vyote hakitazuia nyufa ukikilowesha kwa petroli.

Kioo chako ni plastiki gani?

Vioo vya pikipiki kwa kawaida ni vya akriliki au vya polikaboneti. Akriliki huvumilia mikwaruzo vizuri zaidi kidogo kuliko mwenzake, lakini ikigongwa hupasuka. Polikaboneti ndiyo inayotumika kwenye vioo vingi vya helmeti: ikipigwa hujikunja badala ya kuvunjika, ila uso wake ni laini, ndiyo maana viwanda vingi huipaka tabaka gumu la kinga. Tabaka hilo ni jembamba sana na likitoka halirudi kwa polishi yoyote.

Angalia ukingoni, chini karibu na bolti. Ukiona herufi PC, hiyo ni polikaboneti. PMMA ni akriliki. Kama ulinunua kioo cha Boxer au TVS pale Kirinyaga Road na hakina alama yoyote, usibahatishe kwa kukijaribu na kemikali. Kichukulie kana kwamba kina udhaifu wa zote mbili: hakitaki spiriti kama akriliki, na hakitaki sabuni kali wala kusuguliwa kama polikaboneti.

Huu hapa ulinganisho kwa ufupi, kisha nitaeleza yale yenye mjadala.

| Unachotumia | Kwa vumbi na masizi | Kwa wadudu | Hatari kwa plastiki |
|---|---|---|---|
| Sabuni ya maji ya kuoshea vyombo | Inatosha | Inatosha ukilowesha kwanza | Ndogo sana |
| Sabuni ya unga ya nguo | Inaondoa | Inaondoa | Ya wastani, hasa kwa polikaboneti |
| Dawa ya madirisha ya nyumba | Inaondoa | Kidogo | Kubwa ikiwa na amonia au alkoholi |
| Polishi ya samani ya kupuliza | Si kazi yake | Si kazi yake | Hutegemea iliyomo ndani |
| Petroli, thina | Haraka | Haraka | Kubwa mno |
| Dawa maalum ya plastiki | Nzuri | Nzuri | Ndogo sana |

Sabuni ya vyombo dhidi ya sabuni ya unga

Hizi mbili ziko karibu kila nyumba, na watu huzichukua kama kitu kimoja. Sivyo. Sabuni ya maji ya vyombo imetengenezwa iguse mikono ya mtu kila siku, kwa hiyo si kali. Matone mawili matatu ndani ya lita moja ya maji ya vuguvugu yanatosha kioo kizima na helmeti juu. Ukizidisha hupati usafi zaidi, unapata kazi ya kusuuza.

Sabuni ya unga ina alikali nyingi, kwa sababu kazi yake ni kung'oa mafuta na jasho kwenye nguo. Watengenezaji wa bamba za polikaboneti huonya dhidi ya visafishaji vyenye alikali kali, maana hula uso wake polepole. Halafu kuna shida ya kawaida kabisa: chembe ambazo hazijayeyuka. Ukichovya sponji kwenye ndoo ambayo unga bado umetuama chini, unapeleka chembechembe hizo moja kwa moja kwenye kioo. Kama ni lazima uitumie, iyeyushe vizuri kwanza, iwe nyepesi, na usiiache ikaukie juu ya kioo. Unga wa kusugulia sufuria na masinki ni habari nyingine kabisa. Huo umetengenezwa ukwaruze, hauna nafasi hapa. Jik nayo ibaki chooni.

Sabuni ya mche haina kosa kubwa, ila ikikutana na maji ya chumvi huacha utando mweupe unaokulazimisha kupangusa tena na tena, na kila kupangusa kuna gharama yake.

Nimetaja maji ya chumvi kwa sababu mtaa mwingi wa Nairobi unategemea kisima, na maji ya visima vingi yana madini. Yakikauka kwenye kioo huacha madoa meupe ya duara ambayo usiku, taa za gari likija mbele, huonekana yote kwa pamoja. Osha na maji ya kisima ukipenda, lakini suuza mara ya mwisho kwa maji ya mvua au ya mfereji wa kaunti, kisha kausha badala ya kuacha jua likaushe. Doa ambalo tayari limeshika huachia kwa siki nyeupe iliyochanganywa na maji mengi, ikifuatwa na maji safi.

Dawa ya madirisha: kwa nini inakataliwa

Ndiyo inayovutia zaidi. Ina chupa yake ya kupuliza, inakauka bila mistari, na kwenye dirisha la sebuleni haina mpinzani. Tatizo ni kwamba dirisha la sebuleni ni kioo halisi. Nyingi za dawa hizi hutegemea amonia au alkoholi, na zote mbili ni adui wa akriliki. Amonia ni adui wa polikaboneti pia. Uharibifu hauonekani siku ya kwanza. Baada ya muda huanza kutokea nyufa ndogondogo kama nywele, hasa kuzunguka matundu ya bolti, halafu uso unakuwa na ukungu usiofutika. Mtu husema kioo kilikuwa cha bei rahisi, kumbe ni dawa yake.

Kuna watu wamelijua hili kwa miaka mingi, na wako hapa hapa mjini. Nenda Uwanja wa Ndege wa Wilson: zile ndege ndogo aina ya Cessna 172 zina vioo vya plastiki, na mwongozo wa ndege hiyo unakataza kabisa petroli, benzini, alkoholi, asetoni, thina na dawa ya vioo vya kawaida, ukieleza kuwa vitu hivyo hushambulia plastiki na kuiletea nyufa. Rubani ana sababu nzuri ya kutii. Dereva wa boda anayepita Thika Road saa mbili usiku ana sababu ileile.

Ukiona chupa imeandikwa kwamba haina amonia, usikimbilie kulipa. Geuza nyuma usome kama ina alkoholi. Kama lebo haisemi lolote kuhusu plastiki, akriliki au polikaboneti, irudishe rafuni.

Petroli, thina, spiriti na mafuta ya taa

Hapa pana tofauti inayofaa kujulikana, kwa sababu kuna siku lami au grisi ya mnyororo inaruka mpaka kwenye kioo na sabuni haifui dafu.

Petroli ina viambato kama toluini ambavyo hupenya ndani ya plastiki. Kioo cha pikipiki kimekazwa kwa bolti na mara nyingi kimepindwa kufuata umbo la taa, kwa hiyo kinakaa na mkazo ndani yake muda wote. Kemikali ya namna hiyo ikiingia mahali penye mkazo, plastiki huachia pale pale. Ndiyo maana nyufa huanzia kwenye bolti na si katikati. Thina na asetoni hufanya vivyo hivyo kwa kasi zaidi. Tone la asetoni kwenye akriliki huacha kovu la kudumu.

Spiriti ya dukani ni alkoholi. Polikaboneti huivumilia kwa kiasi ikiwa imechanganywa na maji, akriliki haiivumilii. Kwa kuwa wengi hatujui tulichofungiwa, jibu langu ni hapana.

Mafuta ya taa ni mafuta mepesi yasiyo na ukali wa petroli, na watengenezaji wa akriliki wenyewe huyataja kama njia ya kutoa lami na grisi: unalowesha kona ya kitambaa, unagusa doa tu, kisha unaosha mara moja kwa maji na sabuni mpaka utelezi uishe. Kwa polikaboneti au kioo usichokijua, anza na mafuta ya kupikia. Yanachukua muda, lakini lami hulainika, na sabuni ya vyombo ndiyo iliyoumbwa kuondoa mafuta ya kupikia.

Na ukiwa unaongeza mafuta ya breki kwenye kopo la usukani, funika kioo. Mafuta hayo hula plastiki na rangi pia. Yakidondoka, mwaga maji mengi papo hapo, usipanguse kwanza.

Polishi ya samani na dawa maalum

Waendeshaji wengi duniani hutumia polishi ya samani ya kupuliza na kuisifu. Nawaelewa. Nta na silikoni zilizomo hujaza mikwaruzo midogo kwa muda, kioo kinaonekana kipya, na maji ya mvua yanateleza yakienda kasi. Lakini hiyo si kuosha. Ukiipuliza juu ya vumbi unasugua vumbi kwa manukato. Nyingine zina viyeyusho, na lebo zake huzungumzia mbao, si plastiki ya pikipiki. Kama unayo na unataka kuitumia, kioo kiwe kimeoshwa na kukauka kwanza, ipulize kwenye kitambaa badala ya kwenye kioo, na ijaribu kwenye kona ya chini. Upande wa ndani wa kioo cha helmeti usiupeleke huko kabisa. Vingi vina tabaka la kuzuia ukungu na nta hulimaliza.

Ile polishi ya dashibodi na ya tairi inayopulizwa kila mahali kwenye sehemu za kuoshea magari, hapana. Huacha utando wa mafuta ambao mvua ya kwanza ya Machi huugeuza kuwa ukungu mbele ya macho yako.

Dawa maalum za plastiki zipo katika maduka ya vifaa vya pikipiki kubwa na kwa kuagiza. Zinafaa. Husafisha, huacha utelezi kidogo, na hupunguza umeme tuli unaovuta vumbi. Swali ni kama unazihitaji. Kwa mtu mwenye pikipiki ya safari yenye kioo cha bei kubwa kilichotoka kiwandani na tabaka lake, chupa moja hukaa muda mrefu na ina maana. Kwa mwenye boda anayeosha kila siku, sabuni ya vyombo hufanya kazi hiyo kwa sehemu ndogo ya bei, na pesa iliyobaki nitasema sasa hivi iende wapi.

Jambo moja kuhusu dawa za kufukuza maji ya mvua: Rain-X ya kawaida ni ya vioo halisi, ya plastiki ni chupa nyingine. Wauzaji hawatofautishi kila mara, kwa hiyo soma mwenyewe.

Kitambaa: hapa ndipo pa kuweka pesa

Vumbi la barabarani lina chembe za silika. Katika kipimo cha ugumu wa madini kinachoitwa Mohs, silika ya mchanga iko kwenye 7, kioo halisi karibu na 5.5, na akriliki karibu na 3. Kwa maneno mengine, vumbi linalishinda hata dirisha, sembuse plastiki. Kupangusa kioo kikavu ni kukipiga msasa. Tena kusugua plastiki kavu huiachia umeme tuli, nao huvuta vumbi jipya, kwa hiyo hata usafi wenyewe haukai.

Tishu na gazeti ni vibaya, japo vinaonekana laini. Ni nyuzi za mbao. Sponji yenye upande wa kijani wa kusugulia vyombo ni mbaya hata ukitumia upande wa njano, kwa sababu siku moja utageuza. Fulana ya pamba kutoka soko la mitumba la Gikomba, iliyofuliwa mara nyingi na kukatwa sehemu zenye mshono na maandishi ya plastiki, ni nzuri kweli na bei yake haina ubishi. Maikrofaiba ni bora kidogo kwa kukausha, kwa kuwa huinua uchafu badala ya kuusukuma, lakini ikishaanguka chini mara moja imekwisha kazi ya kioo. Ipeleke kwenye rimu. Nunua mbili, moja ya kuoshea na moja ya kukaushia, zikae kwenye mfuko wao chini ya kiti. Hapo ndipo pesa ya dawa maalum ingekwenda.

Kwa kuosha kwenyewe, hata hivyo, hakuna kinachoshinda kiganja kitupu. Mwaga maji ya kutosha kutoka juu, paka maji ya sabuni kwa mkono bila pete wala saa, na upitishe vidole polepole. Ukihisi chembe, unasimama na kumwaga maji tena. Kitambaa hakikuambii hivyo. Pitisha kwa mistari ya juu kwenda chini, usizungushe; mikwaruzo ya duara hushika taa za magari kutoka kila upande, ile ya mstari haisumbui kiasi hicho.

Wadudu wanataka subira, hasa mvua zikianza na kumbikumbi wakatoka kwa wingi jioni, au ukitoka Naivasha usiku. Lowesha taulo ndogo kwa maji ya vuguvugu, ilaze juu ya kioo, kaa dakika kumi au kumi na tano. Unywe chai. Ukiitoa, wadudu wengi watatoka nayo. Utomvu na maua ya mijakaranda ya Oktoba na Novemba, kwa wanaoegesha chini ya miti, huachia kwa njia hiyohiyo. Kucha, kisu au kadi ya benki havihusiki.

Nyumbani au kwa wanaoosha magari?

Sehemu za kuoshea zina faida moja kubwa, maji mengi. Mashine ya shinikizo ikishikwa mbali huondoa vumbi bila kugusa, na hicho ndicho kioo kinachotaka. Ikisogezwa karibu sana hupenya kwenye kingo na kung'oa stika, raba na tabaka lililokwisha kulegea. Hasara ni sponji. Sponji iliyotoka kwenye rimu na mnyororo ndiyo inayopanda kwenye kioo, na ndoo ni ileile tangu asubuhi. Simlaumu kijana, analipwa kwa pikipiki, si kwa saa. Mwambie tu kabla hajaanza: "Boss, kioo nipigie maji peke yake, hiyo nitamalizia mimi." Hakuna anayekataa kupunguziwa kazi.

Jua nalo lina neno. Nairobi iko karibu na ikweta na kwenye mwinuko wa takribani mita 1,795, kwa hiyo miale ni mikali hata siku ya baridi. Usioshe kioo kilichochemka. Sabuni hukauka kabla hujaisuuza, na unaishia kuisugua. Asubuhi mapema au jioni kivulini.

Kikishakwaruzika: dawa ya meno, polishi, au kipya?

Pitisha ukucha juu ya mkwaruzo. Usipokwama, polishi ya plastiki inaweza kuupunguza. Ukikwama, polishi itang'arisha kingo za mkwaruzo na kuuacha palepale.

Dawa ya meno nyeupe hufanya kazi kwa sababu ina chembe za kusugua, wala si muujiza. Kwenye akriliki isiyo na tabaka inaweza kusaidia mkwaruzo mdogo, japo chembe zake hazikupimwa kwa kazi hiyo na matokeo hutofautiana chupa kwa chupa. Kwenye polikaboneti yenye tabaka, yaani helmeti na vioo vizuri, inatoboa kinga na kuacha kiraka chenye ukungu ambacho kitaanza kugeuka manjano. Mafundi wa Kariobangi wanaopiga taa za magari msasa wa maji na kuzipolishi wanaweza kufanya hivyo kwa akriliki pia, wakianza na namba 1000 na kupanda hadi 2000. Lakini taa ya gari hutazami kupitia kwake. Kioo kilichosuguliwa zaidi upande mmoja hupotosha umbali, na hilo ni baya kuliko mkwaruzo.

Helmeti yenye kioo kilichokwaruzika, badilisha kioo tu, hakuna mjadala. Cha pikipiki kinaweza kusubiri ikiwa unaona barabara kwa juu yake, inavyofaa kuwa. Ikiwa ni kirefu na unatazama kupitia ndani yake, jaribu usiku ukielekea gari lililowasha taa. Ukiona mng'ao badala ya barabara, nunua kingine.

Ukifunga kioo kipya: weka raba chini ya kila bolti, kaza kwa mkono kwa zamu kisha robo mzunguko tu kwa spana, na usimruhusu fundi apake petroli kutoa gundi ya stika ya bei. Mafuta ya kupikia yanaitoa.